Herufi za Kusomeka Kutoka Barabarani

Watu wa mtaa ule walimwita Patasi, na jina lilimfaa mara mbili: kwa chombo alichokishika tangu ujanani, na kwa ulimi wake. Miaka thelathini na moja alikuwa akichonga majina ya marehemu kwenye mawe ya makaburi, na kazi hiyo ilimwachia mabega mapana, kikohozi kikavu, na dharau isiyotibika kwa kila aina ya sifa. Alikuwa amechonga "mume mwema" juu ya wanaume ambao mtaa mzima uliwajua vyema. Alikuwa amechonga "hatutakusahau" kwa niaba ya watoto ambao hawakurudi hata kulikagua jiwe. Herufi kubwa, alizoea kusema, huagizwa na watu wasio na la kusema.

Lakini nyuma ya karakana, chini ya turubai, palikuwa na jiwe moja ambalo dharau hiyo haikuthubutu kulisogelea. Lilikuwa bamba jeusi, urefu wake mita mbili kasoro kidole, halina ufa wala doa. Alilitenga kwa ajili ya mkewe, aliyefariki miaka mitatu nyuma, na ambaye kaburi lake lilikuwa bado na kibao cha mbao chenye namba. Kila Jumapili Patasi alifunua turubai, akaandika maneno kwa chaki, akayatazama, akayafuta kwa kiganja. Mkewe alikuwa amefua mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na miwili. Hakuna neno lililotosha. Ndivyo alivyojiambia.

Jumatatu asubuhi akaingia Profesa.

Patasi alimtambua kabla hajavua kofia. Zamani alichonga jiwe la ufunguzi wa ukumbi wa chuo kikuu, akapewa kadi mbili za mhadhara wa kwanza, akaenda na mkewe. Mhadhara uliitwa "Binadamu Yuko Wapi?" Ulichelewa nusu saa, kwa sababu Profesa alikuta kiti chake kimewekwa pembeni mwa jukwaa, akagoma kuketi mpaka kikasogezwa katikati. Kisha, akiwa katikati, alitumia saa nzima kuwaeleza kwamba ulimwengu hauna katikati. Jua letu ni moja kati ya mamia ya mabilioni ya nyota, na kundi letu la nyota ni moja kati ya makundi yasiyohesabika. Umri wa anga ni miaka bilioni kumi na tatu na ushei, na historia yote ya binadamu ndani yake ni kama kukohoa. Njiani kurudi nyumbani mkewe alisema:

"Amejichosha saa nzima kutuambia sisi ni wadogo. Nani alimwambia tulijiona wakubwa? Au alikuwa anaongea na nafsi yake?"

Sasa Profesa alikuwa amestaafu, shati limempwaya shingoni, na alikuja kuagiza jiwe lake mwenyewe.

"Ndugu zangu siwaamini, fundi," alisema akitoa karatasi. "Wataniandikia mistari miwili."

Patasi alivaa miwani. Mstari wa kwanza ulisema: Hapa amelala mtu aliyejua kwamba yeye si kitu. Mistari ishirini na mitatu iliyofuata ilitaja shahada, nishani, kamati, na mikutano ya nje aliyoifungua.

"Huyu asiye kitu ana mambo mengi," alisema Patasi.

"Ukweli ni ukweli. Na herufi ziwe za sentimita tano. Nataka zisomeke kutoka barabarani."

"Barabarani kuna malori, Profesa. Nani atasimama kusoma?"

Profesa alikuwa ameshauona ukingo wa bamba jeusi chini ya turubai, akalifunua bila kuomba ruhusa. "Hili ndilo," alisema, akilipapasa. "Unajua jiwe hili lina umri kupita ukoo mzima wa binadamu?"

"Mimi najua tu lina mwenyewe."

"Nani?"

Hapo Patasi angeweza kusema, na mambo yakaishia pale. Badala yake alitazama mabaki ya chaki ya jana, maneno aliyoyafuta nusunusu, na ghafla akahisi nafuu. Likiondoka jiwe hili, zitaondoka na Jumapili zake. Mkewe atapata lingine kwenye shehena ijayo ya machimbo, na maneno yatakuja pamoja nalo.

"Hana haraka," alisema. "Lichukue."

Nafuu hiyo haikufika hata jioni. Binti yake alipitia karakana akitoka kazini, akaweka barua mezani na kuizuia kwa nyundo isipeperuke.

"Baba, soma."

"Nisomee, mwanangu, miwani imejaa vumbi."

"Soma mwenyewe." Kisha akamhurumia, akasoma. Ofisi ya makaburi ilikuwa inawakumbusha wahusika kwamba kaburi lisilo na jiwe ndani ya miaka mitatu husawazishwa, na namba yake hupewa mwingine. Jiwe lisipungue sentimita arobaini kwa urefu. Mwisho ni Ijumaa saa sita mchana. "Hii ni barua ya tatu. Mbili za kwanza ulinificha. Bamba si liko hapo? Chonga."

"Nimeshampa mteja leo."

Binti alimtazama kwa macho yaleyale ya mama yake. "Umewachongea watu hata waliokuwa wakimcheka mama kwa mikono yake iliyochubuka kwa sabuni. Wao wana mawe. Sasa niambie, baba, ulikuwa unamtafutia maneno mama, au ulikuwa unatafuta watu waseme fundi amemwandikia mkewe maneno makubwa?"

Akaenda zake. Shehena ya machimbo ilikuwa bado wiki mbili. Patasi aliketi mbele ya bamba lile, na kwa mara ya kwanza dharau yake ya miaka yote ikageuka ikamkabili yeye. Alimcheka Profesa kwa kutaka kusomwa kutoka barabarani. Yeye mwenyewe alimtengea mfua mashuka jiwe refu kuliko yote, ili lionekane na nani? Yule mwanamke hakuwahi hata kupaza sauti kumwita mtu aliye ng'ambo ya njia. Alivuka.

Jumanne asubuhi alishika rula na chaki, akapiga mstari, akawasha msumeno wa mawe.

Jumatano Profesa alikuja kukagua. Alilizunguka bamba, akainama, akapima herufi za chaki kwa rula yake mwenyewe.

"Hizi ni sentimita nne."

"Nne kamili."

"Tulisema tano. Na jiwe limefupishwa."

"Nimekata kipande. Kuna mtu alikuwa mbele yako kwenye foleni, mimi ndiye niliyemruka. Kama hulitaki hivi, subiri shehena, wiki mbili."

"Wiki mbili," alisema Profesa, kana kwamba ametajiwa milenia. "Umenipunguza, fundi."

"Sentimita moja. Kwa vipimo vya mhadhara wako, hiyo inaonekana?"

Profesa akaketi juu ya jiwe ambalo halijachongwa, pembeni kabisa ya karakana, wala hakuomba kiti kisogezwe.

"Nilifundisha mambo yale miaka thelathini na minne," alisema hatimaye. "Mchana niliyasema vizuri. Nyumbani sikuyaweza. Wewe ukiyafikiria, unakaa nayo vipi?"

Patasi alikuwa na jibu la kuchoma tayari ulimini, akaliona halifai. "Mke wangu alisema hakujiona mkubwa tangu mwanzo. Kwa hiyo hakupungukiwa kitu."

"Alikuwa mtu wa falsafa?"

"Mashuka."

Profesa alitikisa kichwa taratibu, kisha akachukua chaki. Patasi alidhani anakwenda kufuta nishani moja mbili. Alikwenda kuongeza koma aliyoikuta imesahaulika kwenye mstari wa kumi na saba.

Kipande alichokata Patasi alikichonga siku hiyohiyo, bila kujaribu maneno mengi. Jina, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, na chini yake: Alikuwa hapa. Herufi zilikuwa ndogo, lakini alizizamisha kwa patasi nyembamba hadi kidole kikazipata kabla ya jicho.

Ijumaa, saa tano na dakika arobaini, karani wa makaburi alifika na utepe wa kupimia. Binti alikuwa amesimama upande wa pili wa kaburi, mikono kifuani, bado hajamsamehe baba yake sawasawa. Karani alipima, akakunja uso, akapima tena.

"Limetosha?" aliuliza Patasi.

"Limezidi sentimita moja," alisema karani, akaking'oa kile kibao chenye namba.