Tulivyoisubiri Daraja la Kamba

Picha ilikuwa ya kamba tu. Kipande cha kamba kilichopigwa kwa karibu mno hata ungeweza kuhesabu nyuzi zake, na chini yake ahadi kwamba filamu yenyewe ingetolewa kwenye diski msimu wa majani kupukutika. Kisumu majani hupukutika yanapojisikia, kwa hiyo hata mwezi hatukuujua.

Simu ilikuwa ikizunguka mikononi mwetu ndani ya kibanda cha fundi wa redio, pale Kaloleni, ambako tumekuwa tukikutana kila Jumamosi asubuhi kwa kazi moja ambayo majirani hawajaielewa mpaka leo: kubahatisha ni filamu gani ya zamani itakayotolewa upya. Kuna kampuni huko ng'ambo inayosafisha filamu zilizosahaulika na kuzitia kwenye diski. Kila mwezi, kabla ya kutangaza, huweka mtandaoni picha ya kitu kimoja kidogo, na wapenzi wa filamu wa dunia nzima huanza kugombana. Sisi wanne tulikuwa tawi la Kaloleni la ugomvi huo.

"Ni meli," fundi alisema. "Hawa watu wanapenda meli."

"Wewe kila mwezi ni meli," nikamwambia. "Mwezi jana ilikuwa birika, ukasema ni birika ya jikoni ya meli."

"Na ungejuaje kama haikuwa?"

Mama akanipokonya simu. Si mama yangu, ila ndivyo tunavyomwita mwenzetu huyu; hununua omena, wale dagaa wa ziwani, huko Usenge na kuziuza Kisumu, na ameshika kamba na nyavu tangu akiwa msichana. Aliinua kioo karibu na pua kama anayenusa.

"Hii si ya meli. Ya meli inasokotwa na mashine, inalala sawa sawa. Hii ni ya mkono. Ona hapa, mtu alichoka akaachia. Na hapa imekatika ikaungwa." Akamrudishia fundi simu. "Hii ni kamba ya kupitisha watu."

Mzee, mkubwa wetu sote, alikuwa ameketi mlangoni, kwenye mwanga.

"Mama," alisema, "umesema imeungwa?"

"Imeungwa, Baba."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

Mzee akavua kofia, akaiweka gotini. Sisi wengine tukatazamana, kwa sababu sote tulijua anafikiria nini.

Lazima nieleze. Nilipokuwa mtoto kulikuwa na banda la mabati si mbali na hapo, lenye televisheni moja na mabenchi ambayo yaliacha mistari kwenye mapaja. Filamu zilikuwa za Kichina, za kupigana, na hakuna aliyeelewa lugha. Basi mwenye banda aliajiri kijana mwenye koo zuri, aliyesimama kando ya televisheni na fimbo, akitueleza kila kinachosemwa. Hakujua Kichina hata kidogo. Alitunga. Mpaka leo sijakutana na watu wa Uchina wanaozungumza vizuri kama wale wa banda letu, waliotukanana kwa Kiswahili, wakaombana msamaha kwa Dholuo, na kutishiana kupelekana kwa chifu. Yule kijana ndiye Mzee wetu. Sasa anaishi Kisian na hushuka mjini kwa pikipiki kila Jumamosi.

Filamu iliyojaza banda kuliko zote, mwenye banda aliiandika kwa chaki ubaoni: DARAJA LA KAMBA. Lile halikuwa jina lake. Kanda ilikuja bila karatasi, bila kasha, na jina la mwanzo lilikuwa kwa herufi ambazo kwetu zilifanana na nyayo za kuku. Hadithi ilikuwa ya mtu mwenye kovu anayerudi kwao milimani, na katikati ya safari kuna daraja la kamba iliyoungwa mara mbili juu ya mto, na upande wa pili adui wake anamngoja. Stelingi, maana ndivyo tunavyomwita shujaa wa filamu, anaweka mguu wa kwanza kwenye daraja, na hapo hapo picha inageuka chenga nyeupe. Mashine ilishatafuna mwisho wa kanda kabla mimi sijazaliwa, au karibu na hapo.

Mzee hakutetereka hata siku moja. Chenga zikianza, fimbo ilipanda juu: "Anavuka! Adui anakata kamba ya kwanza! Stelingi anashika ya pili! Amevukaaa! Huyooo, anaenda kwao, mama yake amemwekea ngege na kuon!" Nasi tulitoka mbio kwenda kwetu, tukiwa na njaa ya samaki na ugali.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nimeuza mitumba Busia, nimepima samaki Usenge, nimefuata malori mpaka Mwanza, na kila nilipohama nilibeba mfuko mmoja wa nguo na katoni tatu za kanda. Hewa ya ziwa haipendi kanda. Ukungu mweupe huota kwenye utepe kama unga, na nimetumia Jumapili nyingi kuufuta kwa pamba. Usenge ndiko nilikomjulia Mama, aliyekuwa na kanda zake za filamu za Kihindi, za kulia, amezificha chini ya magunia ya omena ili wezi wasizinuse. Mpaka leo filamu zake za mapenzi zina harufu ya samaki mkavu. Nilirudi Kisumu nikinuia kukaa miezi miwili. Nikamkuta fundi, nikamkuta Mzee, nikakaa.

Nilikaa kwa sababu ya macho ya Mzee. Ana presha ya macho. Daktari alimwambia kwamba kilichokwisha potea hakitarudi, na dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa cha katikati tu, pembeni pameshafungwa. "Naona kama nachungulia kwenye bomba," hutuambia, "na bomba linakuwa jembamba." Alikuwa na jambo moja alilotaka kuliona kabla bomba halijafunga: mwisho wa ile filamu. Miaka yote watu wazima, wenye vitambi na wajukuu, walikuwa wakimsimamisha sokoni kumtania, "Mzee, kweli yule jamaa alivuka?" Naye alijibu, "Alivuka." Lakini kwetu kibandani alikiri kwamba hajui, na kwamba kutokujua kunamuuma. "Nimewaapia watoto wa Kisumu nzima," alisema. "Kama nilidanganya, nataka nijue mwenyewe, kwa macho yangu, si kwa kuambiwa."

Ndiyo maana kila mwezi kwetu ulikuwa na uzito. Wenzetu wa mtandaoni walibishana kuhusu rangi ya kasha. Sisi tulipiga hesabu ya macho.

Wiki tatu baada ya ile kamba, kampuni ilitangaza. Picha ya pili ilikuwa ya mtu mwenye kovu, na jina refu la filamu ambalo ndani yake hamkuwa na daraja wala kamba. Fundi alilisoma mara mbili, akapiga meza hata bisibisi zikaruka.

"Ni yeye!"

"Soma mbele," Mzee alisema. "Mwisho upo?"

"Upo. Wamepata filamu nzima. Na picha ni pana, Mzee. Zile kanda zetu walikuwa wamekata pande zote mbili ili ienee kwenye televisheni. Hii ni yote, ukingo kwa ukingo."

Mzee alicheka kwa furaha. "Basi tutawaona na wale waliokuwa wamebaki nje."

Niliagiza diski kupitia kwa dada yangu wa Nairobi, kisha ikaanza ile kazi nyingine ya kubahatisha: itafika lini. Fundi alisema wiki mbili. Mama akasema hakuna kitu cha ng'ambo kinachofika wiki mbili, hata mvua. Ilifika baada ya saba. Katika wiki hizo Mzee aligonga kingo za mlango wa kibanda kwa bega mara nne, na kila mara sote tulijifanya tunatazama kwingine.

Siku ilipofika, Jumamosi saa nane mchana, tulitundika blanketi dirishani, fundi akatia diski, na mashine ikaitema.

"Hii kitu imekataa," alisema.

"Imekataa vipi?" Mama aliuliza. "Imekulia wapi, Ulaya?"

"Ndiyo. Kila upande wa dunia una namba yake. Mashine ya huku ikiona namba ya kule inafunga mlango." Akachukua rimoti, akabonyeza vitufe kwa mpango kama mtu anayefungua sefu, akakosea, akaanza upya. Mzee alikuwa amesimama nyuma yake, anapumua shingoni mwake. Mara ya tatu mashine ikanguruma, ikakubali.

Mzee alikataa kiti cha nyuma. Alivuta stuli mpaka karibu aguse kioo. "Mimi huwa nakaa hapa," alisema, na kweli, hapo ndipo alipokuwa akisimama zamani.

Sijui niielezeje ile picha. Milima niliyoikumbuka ya kijivu ilikuwa ya kijani. Kovu la stelingi lilikuwa rangi, tena imepakwa vibaya, na Mama alicheka hata akafuta machozi. Maneno ya Kiingereza yalipita chini, na tuligundua kwamba adui, ambaye kwa Mzee alikuwa mwizi wa ng'ombe, kumbe ni shemeji yake stelingi. "Nilikaribia," Mzee alisema.

Kisha daraja. Kamba iliyoungwa mara mbili. Mguu wa kwanza, mahali pale ambapo sisi huanza kuona chenga, ukafuata wa pili. Daraja lilitanda kioo kizima, kutoka ukingo hadi ukingo, na stelingi alikuwa mdogo sana, mwisho kabisa wa upande wa kushoto. Adui akainua panga upande wa kulia. Kamba ikalegea. Kule kushoto, pembeni kabisa, mtu akadondoka bila sauti hata moja, akapotelea kwenye ukungu wa mto. Katikati ya kioo palibaki daraja tupu likiyumba. Maandishi ya mwisho yakaanza kupanda.

Mzee alikuwa bado ametazama katikati.

"Amevuka?" aliuliza.

Fundi alitazama rimoti. Mimi nilifungua mdomo, na nakiri kwamba neno lililokuwa ulimini halikuwa la kweli. Ni kana kwamba fimbo ya bandani ilikuwa mkononi mwangu, na ngege jikoni.

"Ameanguka, Baba," Mama alisema.

"Miriambo," Mzee akasema. Uongo. Lakini alilisema polepole.

"Upande wa kushoto. Umekaa karibu sana, hukumwona. Njoo huku nyuma."

Alimshika mkono akamrudisha hadi ukutani, mwisho wa kibanda, mahali ambapo sisi watoto tungeketi kama lingekuwa lile banda. Kutoka pale kioo chote kiliingia ndani ya bomba lake, kidogo kama kiberiti, lakini chote. "Rudisha," alimwamuru fundi. Fundi akarudisha. Mguu wa kwanza, wa pili, panga. Yule mtu akaanguka tena, naye Mzee akamfuata kwa kidole angani mpaka chini.

Nje mtu alikuwa akipigia kelele mbuzi. Niliwaza namna ya kumpa pole mtu mzima kwa kifo cha mtu wa Uchina aliyepakwa kovu.

"Mmeona akianguka," Mzee akasema hatimaye.

"Tumeona."

"Mmeona akifa?"

Fundi aligeukia kioo.

"Mzee, ni mbali sana pale chini," fundi alisema.

"Sijauliza umbali. Maiti mmeiona?"

"Hatujaiona."

"Adui amemgeuza kwa mguu? Kuna mtu amelia? Kuna kaburi?"

"Hakuna, Baba," Mama alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kucheka.

Mzee akavaa kofia yake. "Omera, ndugu zangu, mliketi bandani kwangu miaka mingapi na hamkujifunza kitu? Stelingi hafi. Mtu asiye na maiti hajafa. Ameingia majini, ametokea mbele, na hiyo iko kwenye filamu ya pili. Nimeona mwenyewe kwa macho yangu." Alinyoosha mgongo kama mtu aliyetua gunia. "Watafuteni hao watu wa kampuni, tujue ya pili inatoka lini."

Ndani ya kasha la diski kulikuwa na kijitabu, kimeandikwa na msomi fulani. Nilikuwa nimeshakisoma. Kilisema kwamba waliotengeneza filamu ile hawakupata kutengeneza nyingine. Nilikikunja nikakitia mfuko wa ndani wa koti, na huko ndiko kilipo. Wiki ile nilikuwa nimeshafunga mfuko wangu wa nguo, kuna jamaa aliniita Mwanza tena. Jumatano nikaufungua kutafuta shati safi, na sikuufunga tena.

Jumamosi iliyofuata kampuni iliweka picha mpya: kiatu kimoja juu ya jiwe. Fundi alimpelekea Mama simu kabla hata hajaketi. Mzee alikuwa kwenye kiti chake kipya kule ukutani, mikono magotini, anangoja.

"Kimelowa," Mama alisema. "Hiki kiatu kimetoka majini sasa hivi. Ona, kinachuruzika."

"Ni cha baharia," fundi alisema. "Nimewaambia. Ni meli."

"Nyamaza wewe," Mzee akasema. "Mama, ni cha mguu gani, ule aliotangulia nao darajani?"