Siku Nilipomkana Shemeji Yangu

Kwetu mashemeji hutaniana, na utani huo una sheria moja: mtaniwa haruhusiwi kukasirika. Mdogo wa marehemu mume wangu ameitumia sheria hiyo dhidi yangu tangu nilipoolewa. Nilipoanza shule ya watu wazima hapa Louisville, Septemba 2012, nikiwa na wajukuu wawili na sijui kuandika jina langu, alipiga simu kutoka Buffalo kuuliza kama mwalimu hunipangusa kamasi. Nilicheka kama inavyopasa, nikasubiri zamu yangu.

Mwalimu huyo ni mjane kama mimi, Myahudi aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1931. Tulipomaliza vitabu vya watoto nilimwomba tusome kitu chenye tarehe, kwa kuwa jambo lisilo na tarehe hunikaa vibaya. Tukasoma maisha yake. Aprili 1933, sheria iliwaondoa Wayahudi katika kazi za serikali, na baba yake, aliyekuwa akifundisha, akabaki nyumbani. Septemba 1935 wakavuliwa haki za uraia. Tarehe 9 Novemba 1938 masinagogi yalichomwa moto na mlango wao ukavunjwa, naye akiwa ndani. Mwaka 1939 wazazi walimpandisha treni ya watoto kwenda Uingereza. Mwaka 1942 wao wenyewe walipakiwa katika treni nyingine, ya kwenda kuuawa mashariki. Hapo tarehe zinakoma. Siku waliyokufa haijulikani. Mwalimu huwawashia mshumaa kila mwaka katika siku aliyoichagua mwenyewe.

Binti yangu wa Columbus alipochumbiwa, nilimwomba mwalimu aje kupokea mahari pamoja nasi, aketi mahali pa bibi, maana mama yangu hayupo. Kwa kuwa hasafiri Jumamosi, tuliiweka sherehe Jumapili, tarehe 7 Agosti 2016. Simu ya shemeji kutoka Buffalo haikuchelewa.

"Bon, haya, shemeji, ni nani huyo anatuachisha ibada?"

Nilimweleza.

"Wayahudi? Ile ya kuuawa milioni sita ni hadithi ya kutunga. Nimeona video. Kitabu kimoja kinasema hesabu hii, kingine inasema ile. Hesabu zikigongana, donc, yaani kwa hiyo, jambo halikuwapo. Mimi ndiye baba mdogo, mimi ndiye msemaji. Nitamuuliza ushahidi mbele ya wakwe."

Binti yangu alisikia, akalia. Pasipo baba mdogo, mahari haipokelewi. Naye hakutaka mtu aliyemfundisha mama yake kusoma aketishwe mbele ya wageni na kudaiwa ushahidi wa vifo vya wazazi wake. Nilimwambia anyooshe nguo zake na kuniachia mimi baba yake mdogo.

Siku ilipofika, ukoo ulijaa sebuleni Columbus kabla ya wakwe kuwasili. Mwalimu alikuwa bado hotelini. Shemeji alikuwa katika suti ya kijivu, akijizoeza hotuba. Nilisimama.

"Samahanini, jamaa. Bwana huyu wa suti anatafuta nini kwetu?"

Watu walianza kucheka. Walijua zamu yangu imefika.

"Mimi ni mdogo wa mume wako," alisema, akicheka pia.

"Ulizaliwa lini?"

Kicheko chake kikapungua. "Unajua, shemeji. Mosi Januari."

"Mwaka?"

"Sitini na tano."

"Na kitambulisho cha marehemu kinasema mosi Januari 1965. Mama mmoja, siku moja, na pacha hamkuwa. Hesabu zinagongana. Donc, undugu haukuwapo."

Chumba kizima kilijua sababu, kwa kuwa chumba karibu kizima kilizaliwa mosi Januari. Katika kambi ya wakimbizi tulikotoka, asiyeitaja siku yake karani alimwandikia hiyo.

"Karani ndiye alikosea," akasema.

"Karani wako akikosea, undugu unabaki. Wa wengine akikosea, wafu hawakufa?"

Akamgeukia wifi yangu, dada yao mkubwa. "Dada, sema."

"Mimi nilimbeba mgongoni," alisema wifi.

"Shahidi huyu anatazamia nyama ya leo, hafai. Mwalimu wangu alikuwa ndani ya nyumba mlango ulipovunjwa, na shahidi huyo umemkataa kwa video."

Shemeji alitafuta hasira, lakini sheria ya utani ilimzuia. Wifi naye hana huruma. "Sasa tutafute msemaji mwingine," alisema, "kama huyu si wa kwetu."

Shemeji alitoka, akasimama kwenye ngazi akishika tai yake. Ndipo teksi ilipomleta mwalimu. Dirishani nilimwona shemeji akishuka, akipokea mkoba wa mwalimu, akimpa mkono wa kupandia ngazi. Wakwe walipokaa, shemeji alitutambulisha mmoja mmoja. Alipofika kwa mwalimu alisema, "Huyu ndiye bibi ya binti. Wazazi wake waliuawa kwa sababu walikuwa Wayahudi." Akaendelea na jina la anayefuata. Hakudai kitu, na mahari ikapokelewa.

Baada ya chakula shemeji alivuta kiti karibu na mwalimu na kumwomba binti yangu atafsiri. Alitaka kujua mtu huchaguaje siku ya mshumaa. Baba yake na marehemu, yaani mkwe wangu, alikufa msituni tulipokimbia vita mwaka 1996, na kati yetu hakuna aliyekuwa akihesabu siku.

"Chagua siku ambayo hutaisahau," mwalimu alimjibu.

Alifikiri kidogo. "Mosi Januari," akasema. "Makaratasi yangu yote yananikumbusha."

Mwalimu alicheka hadi akaomba leso. Usiku ule, kabla ya kuanza safari ya Buffalo, shemeji aliniuliza kama sasa amerudishiwa undugu wake. Nilimjibu kwamba ombi lake limepokelewa, na kwamba atajulishwa.