Siku Mzee Kahiga Alipopata Masikio

Kwa miezi minane nyumba nzima iliamini kwamba akili ya Mzee Kahiga inamtoka. Yeye peke yake alijua kwamba sivyo, ila hakujua aanzie wapi kusema.

Alikuwa na miaka sabini na minne. Thelathini na miwili kati ya hiyo aliimaliza kwenye machimbo ya mawe kule Kiserian, kwanza kwa nyundo, halafu kwa baruti, na enzi hizo hakuna mtu aliyekuwa akiziba masikio. Mkewe Waceke alipofariki, binti yao Kui alikuja na pikapu, akapakia kitanda, redio na kuku wanne, akamleta babake Kitengela, kwenye nyumba aliyoijenga nyuma ya duka lake la vifaa vya ujenzi. Ilikuwa nyumba nzuri, tena yenye maji ndani. Kahiga hakuwa na neno juu yake.

Shida ilikuwa maneno. Yalimfikia nusu nusu, kama mtu anayeongea akiwa amefunikwa blanketi. Kui akiuliza, "Baba, umekula?" yeye husikia "umelala," anajibu, "Vizuri sana, ila mbu." Kui akitafuta funguo za duka, yeye humwambia nguo bado ziko kwa kamba. Mwanzoni walicheka. Baadaye Kui akaacha kucheka. Akaanza kuficha kiberiti na kufunga mtungi wa gesi kila akienda dukani, na kuongea na babake polepole, kwa sauti ile ya kubembeleza mtoto mgonjwa.

Kahiga aliyaona hayo yote, maana macho hayakuwa na kasoro. Lakini kule machimboni aliwahi kuona jinsi mtu aliyeitwa kiziwi alivyochekwa mpaka akahama. Akanyamaza. Akajifunza kuitikia kwa kichwa na kutabasamu, na kadiri alivyotabasamu ndivyo Kui alivyozidi kuogopa.

Ndipo akaja Ugbad. Ugbad ni mama wa makamo anayeuza vitambaa karibu na stendi, na ndiye pia mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa ule. Kaunti ilikuwa imewapa wahudumu simu na mikoba ya kazi, na sasa walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuwaandika wazee.

"Nilipoanza nilikuwa na wazee kumi na mmoja," alimwambia Kui akivua viatu mlangoni. "Sasa wamefika thelathini na wanne. Watu wamejenga huku, wanaleta wazazi. Na hakuna aliyekuwa amejipanga."

Alimpima Kahiga presha, kisha akamuuliza habari zake. Kui akamjibia. "Baba amechanganyikiwa siku hizi. Husahau, hujibu vitu havieleweki."

"Wacha aniambie mwenyewe," Ugbad akasema. Akavuta kiti mpaka magoti yao yakakaribiana, akamtazama usoni. "Mzee, leo ni siku gani?"

"Jumanne," Kahiga akasema, akiisoma midomo yake. "Na kesho ni Jumatano, huyu ataenda kuchukua saruji."

Kilichofuata Kahiga alikuja kusimuliwa baadaye, kwa sababu kilitokea nyuma ya mgongo wake. Ugbad alisimama kana kwamba anatazama picha ukutani, akauliza bila kupandisha sauti, "Mzee, huyu kwa picha ni nani?" Kimya. Akauliza tena. Mzee alikuwa akitazama kuku nje. Ugbad akarudi mbele yake, akaonyesha picha kwa kidole, akauliza swali lile lile.

"Huyo ni Waceke," Kahiga akasema. "Mamake Kui."

Ugbad akamgeukia Kui. "Babako akili yake iko sawa kabisa. Hasikii."

Kui alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Kahiga hakujua kimesemwa nini, lakini alimwona binti yake akilia, na baada ya muda akamwona akienda jikoni kuufungua mtungi wa gesi.

Jumatano moja kila mwezi hospitali ya kaunti pale Kitengela ilikuwa imewatengea wazee. Kahiga akaonwa na tabibu kijana aitwaye Saruni, ambaye alimmulika masikioni na kutikisa kichwa.

"Mzee wangu, ulikuwa ukifanya kazi gani?"

"Kupasua mawe. Kiserian."

"Basi masikio mengine uliyaacha huko." Akaandika kwenye karatasi kubwa ili mzee asome: nta ya masikioni tutaitoa leo, hii shida nyingine inataka kifaa cha kusikilia, nitakuandikia barua uende hospitali ya Kajiado.

Orodha ya Kajiado ilikuwa ndefu. Wiki kumi na moja zikapita, na kila wiki Ugbad alipita na kusema bado, lakini jina liko. Ya kumi na mbili akaja akikimbia, viatu hakuvua.

Kule Kajiado mama mmoja mwenye miwani alimvika kifaa kidogo kama punje ya maharagwe, akakiwasha. Kitu cha kwanza Kahiga alichosikia kilikuwa karatasi ikikunjwa. Akaruka. Halafu akasikia kiti, halafu suruali yake mwenyewe ikisuguana magotini. Kisha mtu akamwita kutoka nyuma.

"Baba, unanisikia?"

Hakugeuka mara moja. Sauti ile ilikuwa ya Waceke, jinsi ilivyopanda mwishoni mwa swali. Kwa miaka aliyokuwa haisikii vizuri, sauti ya msichana wake ilikuwa imekua na kuwa ya mamake, na hakuna aliyemwambia.

"Sema tena," akaomba.

"Nimesema unanisikia?"

"Nasikia. Endelea kusema. Sema chochote."

Kui akasema bei ya saruji, akasema kuku mmoja ametaga, akasema anaomba msamaha. Kahiga akasikia yote matatu.

Aliporudi hospitali ya Kitengela kukaguliwa kifaa, siku ya wazee, alikuta benchi zimejaa kuliko mara ya kwanza. Muuguzi alisimama mlangoni akaita, "Mohamud!" Hakuna aliyeinuka. Akaita mara ya pili, akafuta jina, akaita linalofuata. Kando ya Kahiga mzee mwenye kofia nyeupe alikuwa ameketi ametulia, akitabasamu. Kahiga alilijua tabasamu lile. Akamgusa bega, akamwelekea usoni, akamwuliza, "Wewe ndiye Mohamud?" Mzee akakubali kwa kichwa. Kahiga akanyanyua mkono juu: "Huyu hapa! Hajasikia!"

Saruni alipopata habari alimwomba arudi mwezi uliofuata, kama ana nafasi. Tangu hapo Kahiga huvaa koti lake la kanisani, hushika orodha, na hupita benchi kwa benchi akiwaambia wazee majina yao.

"Serikali ilinitafuta mpaka nyumbani, tena kwa miguu ya Ugbad," humwambia Kui. "Mimi nitashindwaje kutembea mpaka hospitali?"