Jiwe Lililonyamaza Uani mwa Kanisa

Jiwe letu lililokuwa likilia kama kengele liko salama uani mwa kanisa, limejengewa saruji na kupakwa chokaa. Tangu lifike hapo halijalia hata mara moja.

Enzi zetu pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi si mbali na Lilongwe, lilikaa kilimani nyuma ya nyumba, refu kama mtumbwi, limelala juu ya mawe mawili madogo. Mkono wa mtoto ulipita chini yake. Ukiligonga nchani lilitoa sauti nyembamba. Ubavuni, sauti nzito. Tuliliita Libwe ya Kengele. Tulishinda hapo tukicheza duka: udongo mwekundu ulikuwa mawese, mweupe unga wa muhogo, na vijiwe vya kumetameta tuliviuza kama dhahabu, mpaka watoto wa Fizi, waliokulia kwenye machimbo na kuijua dhahabu ya kweli, wakatucheka: "Dhahabu gani inavunjika kama mukate? Bajinga ninyi!"

Mama Furaha, mshonaji kutoka Bukavu, ndiye aliyeligonga kuita watu ibadani. Jioni alitugongea sisi turudi kula. "Libwe njo inaita kwa upole," alisema. "Mukikawia, fimbo njo itawaita." Watoto wa leo hupigiwa simu, wakaitazama, wakaendelea kucheza. Sisi jiwe likisema, tulikimbia.

Kisha wavunja kokoto wakapanda kilima chetu. Mama Furaha akasimama kanisani: "Bataivunja, baba zangu!" Wanaume wakalishusha kwa kamba na magogo, wakalizamisha nusu kwenye saruji lisiibwe. Jumapili Mama Furaha akaligonga mbele yetu sote. *Ko.* Kama mlango wa mbao. Akarudia. *Ko.*

"Mama, iko na usingizi," akasema mzee mmoja wa kanisa. Tulikuwa tumebeba jiwe, tukaiacha kilimani ile nafasi iliyokuwa chini yake.

Sasa naishi mtaa wa Biwi, Lilongwe, na kengele ninayoisikia ni ya kabaza, baiskeli za kubeba abiria. Nikienda kumsalimu Mama Furaha, ananiuliza lile lile: "We mwenye kusoma, tukitoa saruji, itarudia kulia?" Namjibu sijui. Wazee wanaogopa nyundo italipasua.

Yale mawe mawili madogo lililolalia, Mama Furaha aliyafuata mwenyewe kilimani kabla wavunja kokoto hawajayafikia. Yako kando ya jiwe, pamefagiliwa vizuri. Ameomba jiwe litolewe kwenye saruji lilazwe tena juu yake; wazee bado hawajamjibu.