Kidole Changu na Sauti ya Bwanaheri

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu kanda. Naanza na hilo kwa sababu vijana wanaokuja kunihoji siku hizi hupenda kuniita mtaalamu, nami napenda kuitwa hivyo, kwa hiyo afadhali aibu itangulie.

Duka lilikuwa Mkomani, mjini Lamu. Chumba cha mbele kilikuwa cha wateja na cha nyuma cha kunakilia. Kunakili ni kuchukua kanda mama, yaani ile iliyorekodiwa mbele ya mwimbaji mwenyewe, na kuzalisha nyingine kutoka kwake. Mwenye duka tulimwita Fundi Mkuu, mtu wa maneno machache na nywele chache zaidi. Asubuhi ile alinibebesha rekoda nzito kama mwana mbuzi, akaniambia twende kwa Bwanaheri.

Nyinyi mnamjua Bwanaheri kwa simu zenu. Sisi tulimjua kwa kikohozi chake akipita kichochoroni. Alitoka Siyu, kisiwani Pate, akaoa Lamu, na alipokuwa akipiga udi nyumbani kwake hata wale waliosema muziki haufai walikuwa wakipunguza mwendo chini ya dirisha lake. Mkewe, Bi Esha, alikuwa bado bi harusi wa miezi michache. Siku ile sikumwona. Alikuwa jikoni, nyuma ya pazia.

"Sikiza," Fundi Mkuu alinambia mlangoni. "Mtu yuwaimba, rekodi. Yuwasema, simamisha. Tepu si ya porojo."

Rekoda ile ilikuwa na kitufe cha kusimamisha. Ukikibonyeza, kanda inasubiri. Ukikibonyeza tena, inaendelea. Kazi yangu yote ilikuwa kitufe hicho. Lakini Bwanaheri alipoimba hatua tatu kutoka nilipoketi, mimi niliyezoea kumsikia kutoka mtaani, nilisahau kama nina mikono. Wimbo ukaisha. Akauegemeza udi ukutani, akashusha pumzi, akageukia jikoni.

"Esha, nipa mai," akasema, akitaka maji. "Na huyu kijana mpa naye, koo limemkauka na aloimba ni mimi."

Hapo Fundi Mkuu akairukia mashine, akaizima kwa kofi. Bi Esha alijibu kitu kutoka jikoni, lakini jibu lake halikuingia.

"Umerekodi mai!" Fundi Mkuu alinifokea. "Nani taketi barazani kusikiza mtu yuwataka mai?"

Bwanaheri alicheka mpaka akashika mbavu. Aliurudia wimbo wote kwenye kanda nyingine bila kinyongo. Ile ya kwanza Fundi Mkuu aliiandika MAKOSA kwa wino mwekundu, akanitia mkononi. "Kaa nayo kwako," akasema, "uione kulla siku." Nilikwenda nayo nyumbani nikaifukia ndani ya mkebe wa biskuti, chini ya misumari na skrubu, ili nisiione hata siku moja.

Baada ya hapo nilijifunza. Nilijifunza kusafisha vichwa vya mashine, yaani vile vyuma vidogo vinavyoisoma tepu, kwa pamba na spiriti. Nilijifunza kurudisha tepu iliyolegea kwa penseli, na kuvunja vile vijino viwili vya mgongoni mwa kanda ili mtu asirekodi juu yake. Zaidi ya yote nilijifunza pumzi ya Bwanaheri. Kabla hajaimba aliivuta kwa pua, na akitaka kusema aliivuta kwa mdomo. Kwa pua, kidole kinafungua. Kwa mdomo, kidole kinafunga. Miaka ilivyokwenda nilikuwa mwepesi hata yeye mwenyewe akanipa jina, Twalibu Kidole. Tulikwenda naye mpaka Kiwayu, akaimba harusini siku nzima, akatania watu, akasimulia visa vya Siyu vilivyowavunja mbavu, na jioni Fundi Mkuu alipoisikiliza kanda hakukuta neno moja la mazungumzo. Alinipiga bega. Furaha ilininyima usingizi.

Bwanaheri alifariki kwa ugonjwa mfupi, mvi zikiwa bado za kuhesabika, Mungu amrehemu. Hakuacha mtoto. Aliacha mjane, udi, na makasha mawili ya kanda zilizokuwa mikononi mwetu. Eda ya Bi Esha ilipokwisha, Fundi Mkuu alikwenda kumwomba ruhusa, kisha tukatoa mkusanyiko wa kwanza. Mkusanyiko una adabu yake. Unachagua nyimbo kumi kati ya zote, unasawazisha sauti ili mmoja usipige kelele na mwingine usinong'one, na unazipanga ili msikilizaji asichoke upande wa kwanza kabla ya kugeuza wa pili. Nilizipanga mwenyewe, nikilia. Nasema kweli, kwa sababu nilikuwa nimezoea kumsubiri avute pumzi, na sasa nilikuwa nikizifuta pumzi zake za mwisho wa nyimbo.

Miaka iliyofuata mkusanyiko ule ulizaa mingine, mingi yake ya watu tusiowajua. Mmoja ulimwita Bwanaheri mtu wa Malindi. Mwingine ulisahihisha majina ya nyimbo zake, kila alipoimba "ndia" wakaandika "njia", kama kwamba maskini hakwenda shule. Nilikasirika, lakini kanda mama nilikuwa nazo mimi, maana Fundi Mkuu alinikabidhi makasha yote mawili alipofunga duka.

Mimi nikaenda Mombasa kufanya kazi katika studio, chini ya bwana mmoja tuliyemwita Mhandisi. Huyo alikata tepu kwa wembe na kuziunga kwa gundi, na alinifundisha kuondoa hata mkwaruzo wa kiti. "Safisha, Twalibu," alikuwa akisema. "Msikilizaji anataka muziki, hataki binadamu." Nililishika neno lile kama aya. Nilirudi nalo Lamu nilipoajiriwa redioni, na Msimamizi wa Vipindi, mama mmoja mkali wa kutoka bara, alinisifu mbele ya wenzangu kwamba vipindi vyangu havina hata kikohozi. Nilistaafu na sifa hiyo. Walinipa saa ya ukutani na keki yenye jina langu, Kidole likiwemo.

Basi nilikuwa nimeketi na sifa zangu alipokuja Njeri. Alitoka Nairobi, kwenye kampuni ndogo ya muziki, akavuka kutoka Mokowe na begi la mashine mgongoni. Alitaka kutoa albamu mpya ya Bwanaheri, kutoka kanda mama, yenye majina sahihi na haki zote kwa mjane. Nilimpima kwa maswali mawili matatu ya ufundi, akajibu vizuri kuliko nilivyotarajia. Nikafungua makasha.

"Mzee Twalibu, hii kazi ni safi vibaya," alisema, hedifoni masikioni. "Yaani hakuna kelele. Ni kama ulikuwa unajua atanyamaza saa ngapi."

"Nilikuwa najua," nikamwambia. Nilivimba kama andazi.

Tulikwenda pamoja kwa Bi Esha kuomba ruhusa. Alitukaribisha ukumbini, mtu mzima sasa, mikono imejaa hina ya harusi ya mpwa wake. Nilikaa upande wake wa kulia, kwa sababu sikio lake la kushoto halimsikii mtu. Njeri akamweleza kila kitu pole pole na kwa sauti kubwa. Bi Esha akakubali bila kusita. Kisha akanigeukia mimi.

"Bwana Twalibu, nyimbo nazisikia kulla mahali," akasema. "Kwa kinyozi, kwa jirani, hata kwa muuza viazi. Sauti yake ya kuimba ilikuwa ya watu wote, sikumnyima mtu. Lakini ile ya kusema ilikuwa yangu, na imenipotea. Namuona usingizini yuwafungua kanwa, hapana kitu. Sikio hili moya nalo halikai, tabibu amenambia. Weye ulirekodi miaka yote ile. Hunayo hata neno moya akisema tu?"

Njeri alinitazama kwa matumaini. Makasha mawili! Bila shaka mna maneno humo.

Nikasema, "Nitatazama, Bi Esha."

Hakukuwa na la kutazama. Nilijua vizuri kuliko mtu yeyote duniani kwamba humo hamna hata "ahsante", kwa sababu kila alipovuta pumzi kwa mdomo nilikuwa hapo na kidole changu. Visa vya Siyu, matani ya Kiwayu, maombi, salamu, jina la mkewe, vyote nilikuwa nimevifungia mlango. Tena sikumwibia Bi Esha kwa uzembe. Nilimwibia kwa bidii.

Na nilijua jingine pia. Tangu alipofungua mdomo nilikuwa nimekwisha kuukumbuka mkebe wa biskuti.

Nataka msomaji anielewe hapa, hata kama hatanisamehe. Njeri alikuwa akiandika maelezo ya albamu, na ndani yake kulikuwa na ukurasa mzima kunihusu mimi, mrekodi asiyekosea. Nilikuwa nimeusoma mara nne. Kutoa kanda iliyoandikwa MAKOSA kwa wino mwekundu, mbele ya binti huyu anayeniona bingwa, kulinishinda. Nikajiambia labda imeoza. Nikajiambia kesho. Siku kumi na mbili zikapita hivyo. Njeri akamaliza nyimbo zake zote, akaanza kufunga mashine.

Siku ya kumi na tatu nilikutana na Bi Esha njiani, nikamsalimia, akapita. Nilikuwa upande wake wa kulia, wa sikio lililobaki. Nilirudi nyumbani nikaumwaga mkebe mzima sakafuni.

"Kuna kanda moja sijakuonyesha," nilimwambia Njeri.

Alisoma neno lile jekundu, akanitazama. Nikamweleza yote, mpaka kofi la Fundi Mkuu. Nilitegemea atacheka. Aliniuliza tu, "Mzee wangu, inaweza kucheza?"

Haikuweza. Hewa ya chumvi ilikuwa imekula vyuma vyake, na kile kipande cha sponji kinachosukuma tepu kwenye kichwa cha mashine kilikuwa kimeanguka. Ilibidi kuihamisha tepu yenyewe kwenye ganda la kanda nyingine, kazi ambayo nilikuwa sijaifanya tangu nistaafu. Tepu ni nyembamba kuliko ganda la kitunguu, na mikono yangu siku hizi inatetemeka hata nikishika kikombe cha kahawa. Nilimwambia Njeri azime feni na asiseme nami. Nilianza baada ya sala ya adhuhuri, na ilipoadhiniwa alasiri nilikuwa nikikaza skrubu ya mwisho. Hiyo ndiyo kazi bora niliyowahi kuifanya, na haimo katika ukurasa wa Njeri.

Tuliipeleka kwa Bi Esha siku ile ile, na rekoda yangu ya zamani, maana nilitaka aisikie kutoka kwenye tepu yenyewe. Niliweka spika kwenye meza ndogo karibu na sikio lake la kulia. Sikumwambia ni nini. Nilisema tu, "Nimetazama."

Wimbo ulikuja na mvumo mwingi. Alitikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayeukubali wimbo anaoujua. Ukaisha. Udi ukagusa ukuta, tukasikia ule mgongano mdogo wa mbao, kisha pumzi kwa mdomo.

*Esha, nipa mai.*

"Naya!" akaitika Bi Esha kwamba anakuja, na alikuwa amekwisha kuinuka. Alipiga hatua mbili kuelekea jikoni kabla hajashika nguzo ya mlango.

Nyuma yake Bwanaheri alikuwa akimalizia maneno yake kuhusu koo langu, na kofi la Fundi Mkuu likalia. Njeri alijifunika uso. Mimi nilikuwa nimenyoosha mkono kuizima mashine, kwa mazoea ya umri mzima, nikaurudisha.

Bi Esha alikuja akaketi. Hakulia. Aliomba irudiwe, ikarudiwa, na kila mara alijibu, sasa kwa sauti ya chini.

Baadaye Njeri alimuuliza kwa upole kama tunaweza kuiweka mwisho wa albamu. "Watu wataipenda sana, Bi Esha," akasema.

"Wataipenda, mwanangu," akajibu. "Lakini hawakuambiwa wao."

Kwa hiyo haimo. Albamu ilitoka, majina yameandikwa kama yalivyoimbwa, "ndia" ni "ndia", na nimeambiwa inasikilizwa mpaka Ulaya. Ukurasa wangu umo. Sikuukataa, mimi ni binadamu, ila nilimwomba Njeri aliondoe lile neno "asiyekosea".

Vijana huniuliza siku hizi wafanye nini ili kazi yao idumu. Nawaambia wasafishe mashine zao, na wasiwe wepesi kama nilivyokuwa mimi. Waiache kanda izunguke kidogo baada ya wimbo. Wananiitikia, lakini naona wanangojea niseme jambo kubwa zaidi, nami sina.

Kila Ijumaa baada ya sala hupitia kwa Bi Esha na pamba yangu na spiriti, nikasafisha vichwa vya rekoda niliyomwachia. Sikio la pili nalo limekwisha kwenda. Sasa huweka kiganja juu ya spika. Wimbo ukipita anausikia kwa mkono, na udi unapogusa ukuta anaujua ule mgongano mdogo. Hapo anasubiri kwa muda wa maneno matatu.

"Naya," anasema.

Mimi huketi upande wake, kidole changu nimekikunja ndani ya ngumi, mpaka kanda iishe yenyewe.