Machine inangoja mutu aanguke

Mimi mwenyewe nilikuwa pale, na mu Bukavu yote hakuna macho inaona kama yangu. Ilikuwa mu biro moja ya kartie ya Muhumba, ya bale benye stasio ya kuchunguza nyani mu pori ya Mwenga.

Maman moja alisimama mbele ya shefu, ameshika kikwembe yake kwa nguvu. Bwana yake iko sentinelle, mulinzi wa stasio, kila siku anapita juu ya kilalo, daraja ya mbao yenye imeoza mpaka hata nzi inaogopa kutua.

"Papa shefu, naomba mbao tu tutengeneze kilalo."

Shefu akamugeuzia ordinateur. "Ona, maman. Tuliingiza accidents yote, machine ikafanya hesabu. Tangu tuweke kibao ya 'Pita polepole', risque ya mutu kuanguka imeshuka kabisa."

"Papa, batu bote banaogopa, banazungukaka njia ingine. Anapita bwana yangu peke yake."

"Naelewa. Lakini machine haioni mbao, inaona batu benye kuanguka." Akaweka kidole juu ya clavier, sauti ya huruma. "Hajaanguka, hata kidogo?"

Maman akamuangalia mpaka ziwa ya Bukavu ikakaribia kukauka.

"Sasa nirudi nimuambie aanguke?"

Shefu akaona haya, akaita camion, mbao ikapakiwa palepale.

Hesabu iliniachaka ku masomo ya primaire, lakini hii machine ikiwa munganga, itakupa dawa baada ya maziko.

Yote ni kweli. Camion tu ndiyo nilitunga. Maman alitoka mikono mitupu, na kesho bwana yake atapita tena pale.