Mabenchi ya Montevideo

Jirani wa Shafina pale Malvern, ughaibuni, hupanga safari kwa kidole. Kila Shafina anapompelekea mchuzi, humkuta ameinamia ramani ya Montevideo juu ya meza ya kulia, kidole kikitambaa polepole kutoka bandarini, kikisimama, kikipapasa karatasi, kisha kikiendelea. Meli ya watalii atakayopanda itakaa huko kutwa moja tu ya Januari. Kidole kinaposimama, anachora duara kwa penseli, na kila duara ni benchi. "Magoti ya mke wangu hayawezi mwendo mrefu," husema kwa sauti ya chini, kama anaogopa kumwamsha mtu chumba cha pili. Mkewe walimzika Novemba, theluji ya kwanza ikidondoka makaburini.

Leo Shafina alikuwa amechoka kunyamaza. "Anko," akaanza, akitaka kumtaja marehemu, kisha akageukia hali ya hewa. "Januari kule ni jua kali. Kama Tanga."

Mzee akainua kidole kwenye ramani. "Lo, nimesahau kabisa! Na yeye jua linamuumiza kichwa." Akafuta maduara yote kwa kifutio, akapuliza mabaki, akamvutia kiti. "Kaa, binti yangu. Tutafute penye miti."

Shafina akaweka bakuli chini, akakaa.